Starlet, Vitz au Passo? Gari ya kwanza, mfuko mdogo, nipo Dodoma

Kijana wa Makole: Wakuu, habari za humu. Wiki ijayo nataka kuvuta gari yangu ya kwanza. Hapa mjini nimeona Toyota tatu: Starlet milioni 4.2, Vitz milioni 5, Passo milioni 6.3. Nikishaipata naweka rimu za 15, naishusha kidogo na kubadilisha mafla ingurume. Nichukue ipi?

Spana 12: Dogo, weka nyama. Namba ya chasisi inaanza na herufi gani? Gia za mkono au otomatiki? Inatembea lami au vumbi? Ukisema "Vitz" hujasema kitu. SCP10 ni silinda nne cc 997, NCP10 ni cc 1,299, KSP90 ni silinda tatu cc 996. SCP90 ni cc 1,296 na inakuja na CVT (giaboksi ya otomatiki isiyo na hatua za gia), ambayo ukiiwekea oili ya otomatiki ya kawaida umeiua.

Zabibu Tamu: Umri pia, na leseni. Na hiyo hela ni ya kununulia tu, au kuna ya kuhamisha umiliki TRA, bima na sevisi ya kwanza?

Kijana wa Makole: Nina miaka 19, leseni ninayo. Jumla ya hela yote ni milioni 6. Starlet ni EP82 gia za mkono, Vitz ni SCP10 otomatiki, Passo ni KGC10 otomatiki. Kila siku ni Makole hadi Mtumba. Mara mbili kwa mwezi napanda milima ya Mpwapwa hadi Kibakwe kwa bibi, tukiwa wanne na mizigo.

Zabibu Tamu: Milioni 6 halafu unaulizia gari ya 6.3 😂

Spana 12: Kibakwe ndiyo ungeanza nayo, kabla hata ya rimu. Kwa watu wanne na magunia kwenye kile kilima, chukua Starlet. Ina cc 1,331, ni nyepesi, na gia za mkono zinakuacha uchague gia ya kupandia. Kagua mambo mawili. Kwanza, EP82 zipo za kabureta (mtindo wa zamani wa kuchanganya mafuta na hewa) na za nozeli (zinazopuliza mafuta kwa kompyuta). Tafuta ya nozeli. Pili, injini hiyo inatumia mkanda wa taimingi, na mkanda hubadilishwa kila kilomita 100,000. Muuzaji asipokuwa na kumbukumbu, hesabu kwamba haujabadilishwa: nunua mkanda na teshena (kikaza mkanda), na wotapampu (pampu ya maji) ibadilishwe hapo hapo kwa sababu ufundi ni uleule.

Team Vitz: EP82 mpya kabisa ni ya 1995, mnampa mtoto gari iliyomzidi umri. SCP10 ina cheni, huo mkanda hausumbui. Asubuhi iwashe ikiwa ya baridi kabisa. Ikigongagonga sekunde mbili tatu ikanyamaza, sawa. Ikiendelea hadi inapata moto, cheni imelegea au teshena imechoka. Oili ya giaboksi pima injini ikiwa ya moto na inaunguruma: pitisha gia zote, rudi P, ndipo uchomoe kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua, ondoka. Toka N weka R: ikichelewa halafu ikapiga teke, ondoka pia.

Mzee wa Gereji: Mmesahau kinachoua gari Dodoma: rejeta. Kuna Vitz ya hivyo hivyo iliingia gereji moja Nkuhungu. Mwenyewe wa kwanza alikuwa anajaza maji ya bomba miaka yote. Maji yetu ya visima yana chumvi na chokaa, na zile tyubu nyembamba za rejeta zilikuwa zimeziba karibu nusu. Ilipoanza kuchemsha, fundi fulani akatoa thamostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto) na kuunga feni moja kwa moja na swichi. Mshale ukashuka, gari ikauzwa. Mnunuzi aliijaribu dakika kumi lami ya Kisasa, joto safi. Ilipopandishwa mlima mwezi wa kumi ikiwa imejaa watu, maji yakaisha, dereva akaendelea ili "afike tu". Silinda hedi ilipowekewa rula ya chuma, fila (bati jembamba la kupimia nafasi) ya milimita 0.05 ilipita katikati bila kugusa. Ikabidi hedi ipelekwe kusawazishwa, gasketi mpya, rejeta mpya, na bado oili ilikuwa imechanganyika na maji.

Kukamata gari kama hiyo si kazi. Nenda injini ikiwa ya baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Ukiona kutu au ukoko mweupe, umeshapata jibu. Washa, shika bomba la juu. Lenye thamostati hukaa baridi dakika kadhaa, kisha hupata moto ghafla maji yakifika kama nyuzi 82. Likianza kupata moto taratibu toka mwanzo, thamostati haipo. Iache inaunguruma hadi feni ijiwashe na ijizime yenyewe. Usiondoke kabla hujaona hivyo.

Boda Mstaafu: Kwa jua hili la Dodoma thamostati ya nini? Hiyo ni ya nchi za barafu.

Mzee wa Gereji: Isipokuwepo, injini haifikii joto lake, kompyuta inadhani bado ni ya baridi na inaongeza mafuta. Unakula petroli, plagi zinakuwa nyeusi. Na rejeta iliyoziba imebaki imeziba vilevile.

Dada Mtumba: Kuhusu rimu: gari zote tatu zina tundu 4 kwa 100 (nati nne kwenye duara la milimita 100), hivyo zitaingia. Tairi ya 155/80R13 ina kimo cha milimita 578, na 195/50R15 ina 576, kwa hiyo spidomita haidanganyi. Ila ukuta wa tairi unashuka kutoka 124 hadi 97. Kwenye makorongo ya Kibakwe hiyo rimu itapinda. Weka 175/65R14, kimo 583, ukuta karibu 114. Kukata springi sahau: springi iliyokatwa inakuwa ngumu, shokapu inagonga mwisho wake, na sampu (bakuli la oili chini ya injini) inakutana na jiwe. Ukitaka kuigusa, inua kwa spesa ya inchi moja, kisha alaimenti siku hiyo hiyo.

Team Vitz: Inchi moja na nusu inapendeza zaidi.

Dada Mtumba: Na drivshafti zinakaa upande upande, buti (mipira inayofunika viungo vyake) zinachanika, vumbi linaingia kwenye grisi. Inchi moja.

Kijana wa Makole: Na mafla?

Spana 12: Laki ya mafla nunulia kulanti (dawa ya maji ya rejeta) na tairi ya spea.

Boda Mstaafu: Kulanti nyekundu au kijani?

Mzee wa Gereji: Yoyote, usichanganye tu. Suuza kwanza hadi maji yatoke safi, kisha nusu kulanti nusu maji yaliyoondolewa chumvi, yale ya betri. Ya bomba hapana.

Boda Mstaafu: Nyekundu inakula mpira wa wotapampu, kila mtu anajua.

Mzee wa Gereji: Kila mtu nani? Toyota nyingi zenyewe zimetoka kiwandani na nyekundu au ya waridi.

Zabibu Tamu: Dogo, hiyo Vitz ya milioni 5 ni ile nyeupe inayokaa nyuma ya Sabasaba? Kama huichukui nitumie namba ya muuzaji PM.