Subaru STI ya ajali inauzwa hapa Dodoma, nichukue nitengeneze au niachane nayo?

Kijana wa Nkuhungu:
Mbukwenyi wakuu, naombeni ushauri wenu kabla sijatoa hela. Kuna Subaru Impreza WRX STI ya 2004, namba D, gia za mkono sita, imelala kwenye yadi moja huku Kizota. Imeumia mbele. Mwenye nayo anataka milioni 9 na anasema maongezi yapo. Kwa maelezo yake alikuwa anatoka Manyoni usiku, kabla hajafika Bahi akagonga ng'ombe, na ng'ombe wa barabara ile mnawajua.

Nilivyoiona: boneti imekunjika, taa ya kushoto haipo kabisa, bampa na shoo vimeenda, rejeta imebanwa imeingia kwenye feni, airbag zote mbili za mbele zimetoka. Mlango wa mbele kushoto ukiufungua unafika nusu unagoma. Na tairi la mbele kushoto naona kama limerudi nyuma kidogo, limekaribia fenda. Ndani safi, siti zake zile za bluu bado nzuri sana yaani ukikaa tu hutaki kushuka.

Fundi wangu kaja kaiangalia kasema nikimpa milioni 5 inarudi barabarani. Zilizo nzima naona kwenye matangazo wanaanzia 22 huko. Sasa 9 na 5 ni 14, si bado nimeshinda jamani? Au kuna kitu sikioni?

Mzee wa IST:
Chukua Toyota IST, kigari kidogo, ulale usingizi. Hiyo STI hata ikipona utaiendesha wapi, kutoka hapa mpaka Gairo ni vibao vya 50 na tochi za trafiki za kupima mwendo, faini elfu 30 kila ukisimamishwa. Utakuwa na farasi 280 wanaotembea mwendo wa punda.

Bodi na Rangi:
Mtoa mada, mimi kazi yangu ni bodi, miaka mingi sasa, na nimesoma maelezo yako mara mbili. Huyo ng'ombe simuamini.

Ng'ombe ni mrefu. Ukimgonga na gari ya chini kama Impreza bampa linampiga miguu, mwili wote unakuja juu ya boneti unamalizia kwenye kioo. Hujasema kioo kimepasuka, hujasema paa limebonyea. Ulichosema ni taa ya kushoto haipo, tairi la kushoto limerudi nyuma, na mlango wa kushoto unagoma. Hiyo ni kona moja imepigwa chini na kitu kisichosogea, kalvati au nyuma ya lori bovu lililoachwa bila taa. Mlango kugoma maana yake fenda imerudi au nguzo ya mlango yenyewe imesogea, na kama ni nguzo basi chesisi imeshakunja, hapo tusidanganyane.

Nenda na futi ya kawaida. Pima katikati ya tairi la mbele mpaka katikati ya tairi la nyuma, kulia halafu kushoto, usukani ukiwa umenyooka. Kisha fungua boneti (ikikubali) upime msalaba, kutoka nati ya juu ya shokapu ya kulia mpaka kona ya mbele kushoto, halafu kinyume chake. Vipimo vikipishana kidogo sana ni kawaida kwa gari ya umri huo, vikipishana kidole kizima hiyo si kazi ya milioni 5. Angalia pia kikombe cha shokapu kwa ndani, rangi ikiwa imepasukapasuka kama tope lililokauka ujue bati limejikunja hapo. Na ulizia huyo fundi wako atainyoosha na nini. Wengi wetu huku tunafunga mnyororo kwenye mwarobaini, tunaweka jeki, tunavuta kwa kukadiria. Kwa Noah ya kubebea mizigo inatosha. Kwa gari utakayokata nayo kona kwa mwendo, mimi mwenyewe nisingekubali niivute hivyo.

Injini: Subaru injini yake imelala mbele kabisa, rejeta ikisukumwa nyuma kinachofuata ni mapuli na kava la taimingi belti. Usikubali mtu aipige stata ili "usikie inavyolia". Kwanza belti ikaguliwe, krenki izungushwe kwa spana taratibu kwa mkono, maana belti ikiruka meno kwenye injini hiyo valvu zinakutana na pistoni. Muulize pia kama baada ya kugonga aliendelea kuendesha rejeta ikiwa imepasuka. Akisema "kidogo tu mpaka sehemu ya usalama", ujue injini ilichemka, andika gasketi za silinda hedi kwenye bajeti yako.

Dada wa Makaratasi:
Kaka mimi ufundi sijui ila karatasi najua. Kabla ya yote kadi ya gari iwe na jina la huyo anayekuuzia, la sivyo hiyo habari iishie hapo. Namba ya chesisi isome kwenye bodi yenyewe na injini uikague namba yake, vifanane na kadi. Muombe ripoti ya polisi ya ajali, kama kweli aligonga ng'ombe itasema ng'ombe. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, wale wasimamizi wa bima, uone ilikuwa na bima ipi na iliisha lini, na kwenye mfumo wa trafiki uone madeni ya faini. Kama ilikuwa na bima kubwa na mwenye gari alishalipwa, basi hiyo ni salveji, yaani gari ya ajali iliyobaki mali ya kampuni ya bima, na wewe unatakiwa uoneshwe karatasi ya kampuni ya bima kumuuzia, sio stori za yadi.

Kijana wa Nkuhungu:
Dah. Kioo cha mbele ni kizima kabisa, hakina hata ufa. Sikuwaza hivyo. @Bodi na Rangi airbag je, fundi anasema ataziba vizuri dashibodi haitajulikana?

Bodi na Rangi:
Hapo ndipo wanapokula hela za watu. Airbag ikitoka sio kifuniko tu. Unahitaji ya usukani, ya abiria, dashibodi (imeshapasuka), mikanda ya mbele kwa sababu vikazia vyake (vinavyovuta mkanda ukigonga) kawaida navyo vinalipuka, na kile kikompyuta chake kinachohifadhi kumbukumbu ya ajali. Ukikuta fundi anaongelea kushona na kubandika, ujue atachomeka resista ili taa ya airbag idanganyike. Kuna wanaoikata taa kabisa. Gari nzima ukiwasha swichi hiyo taa lazima iwake sekunde chache ndipo izime, isipowaka kabisa kuna mtu kapita hapo.

Rangi nayo usisahau, upepo wa Dodoma kuanzia Juni, ukipiga rangi nje unapata bluu yenye mchanga.

Kamanda Spea:
Mie napingana na wote kidogo. Kama kweli anapenda STI, 9 ni nyingi ila gari sio takataka. Gia boksi ya sita nzima, difu, breki, rimu, siti, hivyo vyote vina wateja Dar. Mwambie utalichukua kwa bei ya spea. Halafu panda SGR asubuhi nenda Ilala na Gerezani uulize nosikati, yaani kichwa chote cha mbele kilichokatwa kutoka Japani, kinakuja na taa, rejeta, boneti na fenda. Mzigo unarudi kwa basi mpaka Nanenane. Ila uulize bei KABLA hujanunua gari, sio baada.

Na usijidanganye kwamba utaagiza nzima kwa bei chee. Ushuru 25%, VAT 18, ushuru wa bidhaa 5% kwa sababu haizidi cc 2000, halafu umri wake umepita miaka kumi kuna 30% nyingine ya uchakavu. Ingiza kwenye kikokotoo cha TRA uone.

Kijana wa Nkuhungu:
Wakuu mrejesho. Nimempigia, nikamuuliza ripoti ya polisi, akanyamaza kidogo akasema aliyekuwa anaendesha ni mdogo wake kwa hiyo hajui iko wapi. Nikamwambia nataka kuja na futi na fundi mwingine wa bodi. Hapohapo akasema kama nina hela leo nimpe 7 tu maana ana shida, ila watu wa kupimapima hataki, wamejaa.

Dada wa Makaratasi:
Kashusha milioni 2 na wewe hujaomba?? Kadi ina jina la nani, lake au la mdogo wake?

Kijana wa Nkuhungu:
Hajanitumia picha ya kadi bado. Anasema iko Singida.