Anayemaliza kuku wangu Utange: waya, mbwa, taa au sumu?

Mfugaji wa Utange

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nafuga kuku wa kienyeji ishirini na kitu nyuma ya nyumba, hapa Utange, Mombasa. Banda ni la fito na mabati, mbele nimeweka waya wa kuku, chini ni udongo kidogo juu ya jiwe la matumbawe. Ndani ya siku tisa nimepoteza mitetea wanne na jogoo wa kuchi niliyemleta kutoka Lamu akiwa bado pora. Wawili walibebwa wazimawazima, yakabaki manyoya. Waliosalia niliwakuta palepale, shingo zimetafunwa.

Jirani anasema ni mbweha. Nimesoma mtandaoni jinsi Waingereza wanavyohangaika na mbweha wao, nikatoka na njia nne: kubadilisha waya, kuweka mbwa, kufunga taa za sola, au ile sumu niliyotajiwa dukani. Pesa niliyonayo ni ya jambo moja. Nianze na lipi?

Babu wa Mtopanga

Mbweha, Utange? Mwanangu, mbweha watafute huko Taru na Tsavo. Yuko yule mwenye masikio makubwa, lakini huyo riziki yake ni mchwa, na pwani hii ya mvua na minazi si kwake. Mbweha wa Uingereza ni mnyama mwingine kabisa, mwekundu, anachimba. Ukijenga kwa kumfuata huyo utajenga dhidi ya mgeni ambaye hatafika.

Kabla hujatoa hata shilingi, nijibu: kuku wanachukuliwa saa ngapi? Kama ni mchana, shika nguchiro, mwewe au kunguru. Kama ni usiku, ni fungo au kanu, wale wanyamapori wa madoa wanaofanana na paka, au ni paka shume. Mayai yakitoweka bila hata ganda, fikiria kenge, maana yeye humeza zima. Nguchiro hulivunja; wale wanaotembea kundi hulitupa kwa nyuma kati ya miguu mpaka lipasuke kwenye jiwe.

Wazee walisema mla kuku wa mwenziwe miguu humwelekea. Basi itafute hiyo miguu. Chekecha majivu ya jikoni, tandaza kuzunguka banda magharibi, asubuhi kasome. Fungo kucha zake hazirudi ndani, kwa hivyo nyayo zake zina alama za kucha kama za mbwa mdogo. Paka na kanu alama hizo kwa kawaida huzioni.

Mfugaji wa Utange

Shikamoo Babu. Ni usiku, kati ya saa sita na alfajiri. Majivu naweka leo.

Fundi wa Bamburi

Mimi najenga mabanda, kwa hivyo nitavutia kwangu, mnisamehe.

Waya wa kuku ule wa matundu ya pembe sita ni wa kuwazuia kuku wasiingie kwenye mchicha. Umesokotwa tu, haukulehemiwa. Jino likikata uzi mmoja, tundu linafunguka lenyewe. Halafu hewa yetu ina chumvi. Nimefumua mabanda karibu na ufuo ambayo waya, ukiushika, unabaki mkononi kama majani makavu. Chukua weldimeshi (waya uliolehemiwa) ya matundu ya nusu inchi, iliyopakwa zinki vizuri. Bei inauma, mara mbili au tatu ya ule mwingine, lakini huna haja ya kuzungusha banda zima. Weka pale penye hewa na pale mnyama anapofikia. Kwingine ziba kwa mbao.

Usije ukaziba kote kwa mabati ukidhani umemaliza kazi. Joto la Februari hapa litakuulia kuku wengi kuliko fungo.

Kuhusu kufukia waya ardhini, yale maelezo ya Ulaya ya kuchimba mtaro yasome kisha yasahau. Utange na Bamburi ukipiga jembe mara mbili umefika kwenye jiwe. Ulaze waya juu ya ardhi, utoke nje ya ukuta wa banda kiasi cha hatua moja, uufunge na ukuta, kisha uugandamize kwa mawe. Mnyama huanza kuchimba pale ukuta unapogusa ardhi, na hapo anakuta waya chini ya kucha. Akili ya kurudi nyuma hatua moja aanze upya hana.

Kama una mbao, liinue banda juu ya nguzo, kimo cha kiuno. Fungo si mpandaji. Kanu anapanda mnazi, huyo kumwinulia banda ni kumfurahisha. Ndiyo maana swali la Babu ni la maana kuliko swali lako.

Na vijiti vya kulalia viweke katikati. Kuku akilala amegusa waya wenye matundu makubwa, anavutwa mguu au kichwa kupitia tundu, na asubuhi unashangaa mlango umefungwa na kuku hana kichwa.

Kijana wa Mikindani

Mbwa nimekaa naye miaka mitatu, nitasema niliyoyaona. Mwaka wa kwanza alikula kuku wawili yeye mwenyewe. Alipozoea akawa mzuri, lakini ilibidi nimfunge usiku kwa sababu ya majirani, na mbwa aliyefungwa ni kengele tu. Mnyama akishajua mnyororo unafika wapi, anapita upande wa pili huku mbwa anabweka. Wewe ndiye unayeamka.

Halafu tuwe wakweli, kwa mitaa yetu mbwa ana mushkili wake. Wa kulinda mifugo dini imemruhusu, hilo najua, ila uani penye ndoo za udhu na watoto wanaotoka na kuingia ni kazi. Mamangu hakuwahi kunisamehe.

Taa za sola nilifunga mbili. Wiki ya kwanza kimya kabisa. Wiki ya tatu nilimwona kanu amesimama kwenye mwanga kama anayesubiri matatu. Nilijaribu pia kanga wawili kwa ajili ya kelele. Kelele walitoa, tena kwa kila kitu, hata kwa muadhini. Mwishowe wakahamia juu ya mwembe wa jirani, sijui kama bado ni wangu.

Mama Vifaranga, Likoni

Mnaongea usiku tu. Mimi kwangu mwizi ni wa mchana, na jina lake ni kunguru. Hawa waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wasafishe taka, sasa wanasafisha vifaranga. Koo akiangua kumi, ukichelewa sokoni unakuta watatu.

Weldimeshi haikunisaidia kwa hilo. Kilichonisaidia ni nyavu kukuu za wavuvi. Nimezitandaza juu ya ua kutoka ukutani hadi kwenye mpapai, na mwewe naye amekoma. Wiki tatu za kwanza vifaranga na mama yao wanakaa chini ya tenga, nawatoa nikiwapo. Bara nimeona wakiwapaka vifaranga rangi ya waridi ili mwewe asiwatambue. Nilijaribu. Kunguru wa Likoni hawajali rangi.

Na chanjo ya kideri mmewapa? Maana mtu analia fungo kachukua watano, kideri kikija kinabeba banda zima kwa wiki moja.

Mwenye duka la dawa za mifugo

Kuhusu sumu, nazungumza kama mtu ambaye angepata faida kuiuza. Usiweke. Zile dawa za kuulia wadudu wa shambani watu wanazopaka kwenye nyama hazichagui. Paka wa jirani anakula, mbwa anakula, kunguru anabeba kipande anaenda kukiangusha kisimani kwa mtu. Huko kwenu wengi bado wanachota maji ya kisima. Tena fungo na kanu ni wanyamapori, kuna sheria ya mwaka 2013, na kumwua bila kibali kutakupeleka mahakamani kwa ajili ya mtetea.

Mtego wa sanduku pia fikiria mara mbili. Wangu ulimnasa paka wa ami yangu mara mbili. Na ukimnasa mwenyewe hasa, utamtoaje? Anauma, na kichaa cha mbwa si cha mbwa peke yake. Wapigie KWS, shirika la wanyamapori, waje wao.

Mfugaji wa Utange

Nimerudi, siku kumi na mbili baadaye. Usiku wa kwanza majivu yalisomeka paka, wa jirani, alipita tu. Usiku wa tatu nyayo pana kidogo, kucha zinaonekana wazi, zimekwenda moja kwa moja hadi kwenye kona ambapo waya ulikuwa umeachana na fito. Nilifuata zilikotoka, nikakuta nyuma ya ukuta wa shamba choo chake, rundo moja mahali pamoja, mbegu za matunda na vipande vya jongoo vimejaa. Na ile harufu! Bi yangu mkubwa alipita akasema hiyo ni zabadi, manukato ya mabibi wa zamani. Nikamwambia achukue yote.

Ni fungo, basi. Kwa hivyo pesa imekwenda kwa Fundi: weldimeshi mbele na chini, banda limeinuliwa juu ya boriti nne, mawe ya matumbawe nimeyapata bure hapahapa. Mlango nimeuongezea komeo la pili, maana la kwanza hata mwanangu wa miaka mitatu analifungua. Tangu hapo majivu yana nyayo kila baada ya siku mbili tatu, anazunguka, anaondoka. Kuku ni walewale.

Koo mmoja ameangua juzi, tisa. Sasa kunguru ndio wameanza kukaa juu ya tangi. Mama Vifaranga, nyavu ulinunua kwa nani, na wanapima kwa kilo au kwa pima?

Mama Vifaranga, Likoni

Kwa kukisia tu, baba, hakuna mizani. Nenda asubuhi wakati wavuvi wanashona, ulizia zilizochakaa, na usivae shati zuri.