Kufungua akaunti Marekani bila bili yenye jina lako

mgeni_dallas: Wakuu habari, nina wiki ya 3 hapa Dallas, nimeenda benki na pasipoti wananiambia leta uthibitisho wa anwani, sasa mi naishi kwa binamu bili zote jina lake, na kazini wanataka namba ya akaunti ndo wanilipe. Nafanyaje?

mzee_wa_boksi: Pole mkuu. Usikomae na benki moja, kila moja ina masharti yake. Jaribu krediti yunioni, ni kama SACCOS za kwetu tu. Beba pasipoti, I-94 (rekodi yako ya kuingia Marekani) na barua ya kazi yenye anwani ya binamu. Soshal (namba ya Social Security) kama bado haijatoka uliza kama wanafungua bila hiyo, zipo zinazokubali.

mama_kevo: Ukifungua wakikuuliza ovadrafti ya kadi (benki inakulipia salio likiisha alafu inakukata ada) sema HAPANA. Mi nilinunua chai ya dola 4 nikakatwa 35 😭 nimezoea M-Pesa salio likiisha inagoma, kumbe huku inapita alafu unadaiwa

bongo_tx: Baadae chukua kadi ya mkopo ya dhamana, unaweka hela yako mwenyewe kama 200 hivi, ulipe kwa wakati ndo ujenge historia ya mkopo (rekodi ya unavyolipa madeni). Ya Bongo huku haihesabiki, unaanza upya.

mgeni_dallas: Shukrani, Jumatatu naenda na barua. Hiyo chai mama Kevo 😂