Nimechora kwa muda wa saa tano pale Ngomeni, nimelipwa kama mchota maji, na alama za ukutani nasingiziwa mimi

Asalaam aleikum wanajukwaa. Mimi ni msomaji tu humu, nyuzi huwa sifungui, lakini hili limenikaa kooni tangu Jumamosi. Admin usiufute, sijataja jina la mtu.

Kazi yangu ni kupaka hina, mtaa wa Langoni, hapa Lamu. Juzi alikuja mpiga picha kutoka Nairobi na msichana wake wa kupigwa picha, anatafuta mtu mwenye mkono mwepesi. Kazi yenyewe: msichana asimame mbele ya ukuta wa Ngome, apakwe rangi mpaka apotee, uuone ukuta mtupu. Tukapatana shilingi 15,000. Kwa mdomo. Ndiyo, najua, msinicheke.

Na kabla hamjauliza: hakuwa uchi. Alivaa nguo nyeupe ya kubana kutoka shingoni mpaka miguuni, nywele zimefungwa kitambaa. Ngozi iliyopakwa ni ya uso, shingo na mikono. Hata yule Mchina Liu Bolin, aliyeanza kujificha hivi mwaka 2005 baada ya kijiji chao cha wasanii Beijing kubomolewa, husimama na nguo zake mwilini, wenzake wakampaka. Wazee pale Mkunguni, uwanja wa mbele ya Ngome, walitutazama kidogo, wakarudi kwenye kahawa yao.

Sasa watu hudhani ni kupaka rangi ya ukuta basi. Wapi! Mistari ya mawe hukutana ukitazama kutoka mahali pamoja tu, pale ilipowekwa kamera. Sogea hatua moja, bega linaachana na jiwe lililo nyuma yake. Kwa hiyo unapaka kidogo, unakimbia kuchungulia kwenye kamera, unarudi, unapaka tena. Asubuhi nzima nimekimbia hivyo na buibui langu. Na ule ukuta hauna rangi moja. Jiwe la matumbawe lina vishimo vishimo. Ndani ya kishimo kijivu, ukingoni rangi ya mchanga, na chokaa ya kati imeingia weusi wa mvua za miaka. Vishimo vya begani nilivitia kwa koni ya hina niliyoijaza rangi zao, maana brashi walizokuja nazo zilikuwa nene kama za kupakia mashua. Kivuli cha mti nacho hakingoji mtu. Ulichokipaka saa moja, ikifika saa tatu si mahali pake tena.

Bwana mkubwa muda huo yuko kwenye kigoda na dafu lake.

Kisha akaniambia mistari myeusi ya usoni niitie piko, isije ikayeyuka kwa jasho. Nikakataa. Piko ni rangi ya nywele ile, nimeshaona bibi harusi akiamka na malengelenge mikono mizima. Nimtie mtoto wa watu usoni? Akanuna.

Lililonichoma hasa ni ukuta. Kijana wake alikuwa akijaribia rangi ukutani kwenyewe, chini karibu na ngazi, vidole vitatu vinne vya rangi. Nikamwambia, kaka, paka kwenye kipande cha boksi ukisogeze pale, utaona kama zinalingana. Akajibu itatoka kwa maji. Za mwilini ndiyo hutoka. Lakini aliyoshika ni akriliki, ile ya kupakia nguo, na matumbawe hunywa. Ukisugua, chokaa inatoka kabla ya rangi. Jengo lilimalizika 1821, likawa jela mpaka 1984, likayavumilia yote hayo, mji wenyewe uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, halafu mtu wa siku tatu anakuja kulifanyia majaribio!

Mlinzi alipouliza, bwana akanielekezea kidevu: "Rangi anashika huyu mama." Nina miaka ishirini na tisa. Leo nikipita barazani vijana wananiita fundi wa Ngome.

Picha imetoka nzuri, sitasema uongo. Msichana humwoni mpaka ukutane na macho yake. Chini ameandika jina lake mwenyewe, na shukrani kwa "wenyeji waliotusaidia maji na vivuli." Kwenye simu yangu zikaingia 4,000. Nikapiga, hapokei. Nikaandika, amesoma, kimya.

Dada zangu wa hina, wakija hawa, andikianeni hata kwenye karatasi ya daftari, na nusu ya pesa muipokee kabla hamjafungua koni.

Mimi kesho nakwenda kumwona msimamizi nimweleze ilivyokuwa, na mashahidi wa Mkunguni ninao. Na wewe, najua unasoma humu: 11,000 zangu kabla ya Ijumaa. Namba unayo.