Raifo ya .30-06: kujijazia risasi, greni 150 au greni 180?

Mwindaji wa Sikonge
Ndugu wajumbe, ninayo raifo ya .30-06 (ndiyo aina ya risasi inayotumia) yenye darubini, na leseni zangu zote ziko sawa. Kwa misimu kadhaa nimetumia risasi zenye kichwa cha greni 150, yaani takriban gramu 9.7, kwa sababu ndizo nilizozikuta dukani. Rafiki yangu anayewinda Marekani hujijazia risasi mwenyewe, akipima baruti ya kila ganda kwa mizani, na ananiambia kwamba matundu yake matatu kwa mita 100 hufunikwa na sarafu moja. Naomba mnilinganishie: nifuate njia yake, nibaki na greni 150, au nihamie greni 180?

Mstaafu wa Urambo
Mdogo wangu, hiyo njia ya kwanza iweke kando. Kwetu silaha na risasi zinasimamiwa na sheria ya mwaka 2015, na kibali cha kumiliki bunduki si kibali cha kutengeneza risasi. Hata hivyo inafaa kuelewa rafiki yako anapata nini, maana jibu lako limo humo. Anachopata ni ulinganifu: baruti ya uzito uleule, maganda yaliyokwisha kujivika umbo la chemba ya bunduki yake, yaani pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, na kichwa kilichozamishwa kwa kina ambacho mtutu wake umekipenda. Kiwanda hakiujui mtutu wako, kwa hiyo hutengeneza risasi ya kuingia katika kila .30-06 duniani. Lakini katika miombo yetu, ambako ni nadra kumwona kongoni wazi kupita mita 100, tofauti ya matundu yaliyobanana kwa sentimita 2 na yale ya sentimita 5 haimwokoi mnyama wala haikunyimi kitoweo.

Mkazi wa Uvinza
Naungana na mzee, ila nizungumzie uzito. Greni 150 hutoka mtutuni kwa karibu mita 887 kwa sekunde, na greni 180, ambayo ni gramu 11.7 hivi, kwa karibu mita 823. Faida ya kasi hiyo ya greni 150 huonekana mbali, kwenye mbuga tupu. Kwa karibu, kichwa chepesi cha ncha laini kikigonga mfupa wa bega kwa kasi yote kinaweza kuchanua mapema kikashindwa kufika ndani. Kwa swala pala greni 150 inatosha kabisa. Kwa dume la pofu, ambaye uzito wake unaweza kupita kilo 700, mimi nisingetoka nyumbani bila 180. Tena asikudanganye mtu kwamba kichwa kizito hupenya vijiti bila kupinda njia. Kijiti ni kijiti, subiri mnyama atoke. Na nyati usimtaje kabisa kwa bunduki hiyo. Huyo ni wa raifo yenye risasi nene zaidi, ya .375 kwenda juu.

Mjumbe wa Tabora Mjini
Wakuu, mnalinganisha uzito, ilhali kilichoniadhibu mimi ni kasha. Nilirekebisha darubini kwa kasha moja, matundu matatu yakakaa ndani ya kiganja, nikafurahi. Porini nikafungua kasha la pili: jina lilelile, uzito uleule, rangi ileile. Nilimkosa ngiri aliyesimama kama amefungwa kamba. Niliporudi uwanja wa shabaha, risasi za kasha lile ziligonga sentimita 6 chini, kidogo kushoto. Kusoma ubavuni mwa makasha nikakuta namba za toleo tofauti. Tangu siku hiyo nanunua makasha yote ya msimu kwa namba moja, kadiri kibali kinavyoniruhusu. Huo ndio ulinganifu wa mtu asiye na mizani.

Ongezeni na utunzaji. Risasi iliyoshinda juu ya dashibodi mwezi wa Oktoba huwa na baruti ya moto, na baruti ya moto huongeza msukumo, kwa hiyo haigongi ilipogonga asubuhi. Mkanda wa ngozi nao si ghala: baada ya miezi michache shaba huota ukungu wa kijani, na ganda la namna hiyo huenda likakwama chembani.

Mwindaji wa Sikonge
Nimewaelewa, wakubwa zangu. Nimekwenda kuyatazama makasha yangu matatu. Kweli, namba ziko mbili. Nitanunua greni 180 za toleo moja. Je, nikirekebisha darubini, nipige tatu au tano mfululizo?

Mstaafu wa Urambo
Piga tatu, kisha uache mtutu upoe hadi uweze kuushika bila kuhisi joto, ndipo upige tatu nyingine. Lakini tundu la kwanza kabisa, la mtutu baridi, lizungushie kalamu kwenye karatasi. Porini utapiga hilo.