Amemlilia mfanya vyumba wa filamu, kisha akapangusa glasi ya mama yangu

Wanajukwaa, naandika nikiwa bado ndani ya tukutuku na mikono inanitetemeka. Shangazi wa mchumba wangu, yule mnayemjua nyote, kwa maana hakuna harusi ya Nyali ambayo hajaipima dhahabu kwa macho, alitualika mimi na mama tutazame Maid in Manhattan ya mwaka 2002, ambamo Jennifer Lopez anafanya vyumba hotelini na kupendwa na mgombea wa useneta. Shangazi alilia machozi ambayo feri ya Likoni ingeelea. Mama akasema, kwa furaha, kwamba naye amefanya vyumba Bamburi miaka 19. Hanchifu ile ile iliyolowa machozi ikapangusa glasi aliyonywea mama.

Na filamu ndiyo iliyomzoesha hivyo. Yule mgombea hakumpenda mwanamke mwenye sare. Alimwona amevaa koti jeupe la mgeni wa hoteli, akamdhania tajiri. Mama yangu hakuazima koti la mtu. Alikuja na buibui lake na viganja vilivyobabuka kwa dawa za kusafishia vyoo. Hata Pretty Woman ya 1990, ile filamu ya kahaba anayekodiwa na tajiri, mswada wake wa kwanza uliitwa 3000, yaani dola alizolipwa yule mwanamke kwa wiki moja, na mwishowe aliachwa. Wakaubadilisha ili watu kama shangazi walie kwa raha.

Hanchifu ile ile, jamani! Hakutafuta hata nyingine.

Kaka wa Kongowea: Pole dada, lakini umempeleka mamako kwa wakwe kabla posa haijajibiwa, ulitarajia kupokewa kwa halua?

Umm wa Majengo: Shukuru kwamba glasi ilipanguswa mbele yenu. Mimi nilitengewa kikombe cha plastiki peke yangu, wenzangu wote wakinywea vya kaure.

Abiria wa Likoni: Mnalia vikombe, nami mahari yangu ilihesabiwa noti kwa noti mbele ya ukoo mzima! Katika filamu hizo wapenzi wanabusiana mvuani na hakuna mjomba anayeuliza mshahara.

Kaka wa Kongowea: Walihesabu mara moja tu?

Abiria wa Likoni: Mara tatu, na ya tatu waliziinua kwenye taa.

Umm wa Majengo: Subhanallah. Nani aliyeziinua, baba mkwe au mjomba?