Mjadala: Bei ya kwenye shelfu na bei ya kaunta, mteja alipe ipi?

Ndugu zangu wa Kigoma, mwezi uliopita nilichukua chupa ya mafuta ya kupikia, lita moja, kwenye supamaketi moja hapa mjini. Kibandiko kwenye shelfu kilisema 7,500. Kufika kaunta, mashine ikasoma 8,200. Binti wa kaunta akaniambia kwa upole, "Mama, bei imepanda leo asubuhi, vibandiko bado hatujabadilisha." Nikalipa, maana foleni nyuma yangu ilishaanza kuguna.

Nyumbani nikaishika ile chupa ya zamani, niliyoinunua siku tano kabla kwa 7,500. Tarehe ya kutengenezwa ni ileile, namba ya toleo ileile. Mzigo mmoja, bei mbili. Tangu siku hiyo naandika kwenye daftari: mafuta, sukari, unga wa ngano, sabuni ya mche. Wiki tatu sabuni haijatikisika. Mafuta yamebadilika mara nne, na niseme kweli, mara moja yalishuka.

Shemeji yangu ana duka Mwanga, anawatetea wenye maduka. Anasema mwenye duka akiuza kwa kuangalia bei aliyonunulia jana, kesho mtaji hautoshi kuleta mzigo mwingine. Hilo namwelewa. Vitu vyetu vingi vinatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na nauli ya lori inafuata dizeli. Lakini bei kikomo za dizeli EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na maji, huzitangaza mara moja kwa mwezi, Jumatano ya kwanza. Mabadiliko manne ndani ya wiki tatu yametokana na dizeli ipi?

Sisi si wageni wa bei kupanda. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, tarehe tulizijua mapema, mwenye uwezo akaweka akiba ya dagaa. Na mama anayeniuzia mawese sokoni hunitazama usoni: "Leo yamepanda, mwanangu." Tunavutana, ananipunguzia au nayaacha. Supamaketi hakuna wa kuvutana naye. Kile kibandiko ndiyo kauli pekee ya duka kwangu, na mimi hupanga hela yangu kwa kauli hiyo. Mwenye elfu nane kamili mkononi anarudisha chupa mbele za watu.

Wapo wanaotaka serikali ipange bei. Hapo siungi mkono. Tuliokuwepo enzi za Tume ya Bei ya Taifa, iliyoundwa mwaka 1973, tunakumbuka bei nzuri na maduka matupu.

Ninachotaka ni kidogo. Bei ibadilishwe kabla mlango haujafunguliwa, na kibandiko kikipishana na mashine, mteja alipe iliyo ndogo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 tayari inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ipo. Tuanze kuwapelekea risiti pamoja na picha za vibandiko.

Wenye maduka, karibuni mnipinge, ila nijibuni na hili lililomo daftarini: siku mafuta yaliposhuka, kibandiko kipya kilikuwa kimebandikwa asubuhi ileile, kwa wino mwekundu. Siku yanapopanda, kwa nini kibandiko cha zamani kinakaa hadi jioni?